Jasho la Bati Buhare

Bati hutoa jasho usiku, na aghalabu hutoa jingi zaidi usiku usio na mvua. Anga likiwa halina wingu, paa hupoteza joto lake kuelekea juu hadi likawa baridi kuliko hewa iliyo chini yake. Hewa ya nyuzi 20 iliyoshiba mvuke hubeba gramu 17 hivi katika mita moja ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 15 haiwezi kushika zaidi ya 13. Kinachobaki hugeuka maji kwenye tumbo la bati. Banda la gari la mita 6 kwa 3, lenye kimo cha mita 2.5, laweza kutoa mililita 200 kutokana na hewa yake peke yake, achilia mbali mvuke unaopanda kutoka sakafuni na kwenye gari lililoingizwa likiwa limelowa.

Buhare, kata ya Manispaa ya Musoma, haikosi hata kimoja kati ya vinavyosababisha hali hiyo. Ziwa Victoria liko jirani, vuguvugu mwaka mzima, na mwinuko wa zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari huufanya usiku wa kiangazi kupoa haraka. Ndiyo maana malalamiko ya paa linalovuja husikika hata Juni na Julai, fundi akapandishwa juu na lami yake kuziba matundu ya misumari ambayo hayana kosa lolote.

Zamani tatizo hili halikuwepo. Nyumba za msonge za Wajita, Wakwaya na Waruri ziliezekwa kwa nyasi nene, ambazo hazipoi ghafla kama chuma, na moto wa mafiga uliokuwa ukiwaka ndani ulizikausha kutoka chini huku moshi ukijipenyeza nje. Bati lilienea polepole. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 na kampeni za nyumba bora zililifanya kuwa alama ya maendeleo. Uhaba wa bidhaa wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaliadimisha. Biashara ilipolegezwa kuanzia 1984 likarudi madukani, safari hii likiwa jembamba zaidi.

Wembamba huo hulaumiwa bure. Bati la geji 28 lina unene wa karibu milimita 0.4, na la geji 32 ni jembamba zaidi, lakini yote mawili hupoa ndani ya muda mfupi baada ya jua kuzama. Anayenunua bati nene ili kuepuka jasho anapata paa imara lenye jasho lilelile.

Kilichobadilika hasa ni ukuta. Nyumba za mwanzo za bati zilikuwa za udongo, na kati ya kichwa cha ukuta na bati paliachwa uwazi ambamo popo, mbu na upepo walipita watakavyo. Baadaye yakaja matofali ya saruji, ukuta ukapandishwa hadi kugusa bati, na mabanda ya magari yakafungwa mageti ya chuma yasiyo na hata tundu, kwa kuhofia wezi. Hofu hiyo ina msingi. Ila mvuke ulinyimwa njia ya kutokea siku ileile mwizi aliponyimwa njia ya kuingilia. Banda nalo likawa ghala: magunia ya mahindi, dagaa, na mifuko ya saruji ambayo hugeuka mawe upande ule tone linapoangukia.

Kabla ya kutengeneza chochote, ni vema kujua maji yanatoka wapi. Tundu huvuja mvua inaponyesha, na huvuja mahali pamoja. Jasho hutokea alfajiri, hutapakaa bati zima, huteremka kwenye migongo ya bati na kudondoka kwa mstari kwenye papi, kisha hukauka jua likishalipiga paa. Sakafu nayo hupimwa kwa kipande cha nailoni kilichobandikwa kingo zote kwa siku nzima: unyevu ukionekana chini yake, ardhi ndiyo inayotoa mvuke. Kipimo hiki kina maana zaidi karibu na ufukwe tangu Mei 2020, ziwa lilipopanda na kuvuka kidogo rekodi ya 1964.

Dawa ya kwanza ni hewa. Kwa paa hutumika sana kanuni ya eneo la matundu lisilopungua sehemu moja ya 150 ya sakafu. Kwa banda la mita za mraba 18 hiyo ni mita 0.12 za mraba, nusu chini ya bati na nusu karibu na kofia. Matofali ya matundu yenye nondo humzuia mwizi na wavu humzuia mbu, ila wavu hupunguza upenyo, hivyo tundu liongezwe. Matundu ya juu peke yake hayafui dafu, kwa kuwa hewa haitoki pasipo nyingine kuingia. Kwa banda jipya, nailoni nzito hutandazwa chini ya zege kabla ya kumwagwa, kazi ndogo ambayo baadaye haiwezekani tena bila kuvunja sakafu.

Baada ya hewa ndipo inafaa karatasi yenye uso wa fedha, inayotandikwa chini ya bati ikiwa imelegea kidogo kati ya papi, kipande cha juu kikifunika cha chini, na ncha yake ikiishia ndani ya gata. Lipo pia bati lenye kitambaa kilichogandishwa tumboni kiwandani, ambacho hunyonya matone usiku na kuyaachia mchana. Ukingo wake wa chini hukwanguliwa, la sivyo hufyonza maji ya mvua na kuyapandisha ndani. Kitambaa hicho hakifai kitu katika banda lisilo na upepo, kwa sababu hakipati nafasi ya kukauka.

Mbao za dawa zina tahadhari yake. Shaba iliyomo kwenye dawa, ikilowanishwa na jasho kila usiku, hula zinki ya bati hasa pale linapokalia papi, mahali ambapo jicho halifiki. Utepe wa nailoni au lami kati ya mbao na bati huzuia hilo. Mabati yanayosubiri kuezekwa yasilazwe sakafuni yakiwa yamebanana. Husimamishwa yakiegemea ukuta, yameachanishwa, maana umande ukinaswa katikati huacha unga mweupe juu ya zinki hata kabla bati halijapanda juu.