Sabuni ya Mawese na Karatasi za Mpakani

Wanawake wenzangu wa Bwera, huku Uganda mpakani na Congo, huniuliza kila siku ya soko pale Mpondwe: "Mama, hizo pesa za kikundi mlizipata wapi, nasi twende?" Jibu langu ni refu, na mara nyingi wateja hutukatiza kabla sijafika katikati. Namshukuru Mungu kwamba leo naweza kulitoa lote kwa maandishi.

Kazi yangu ni sabuni. Mawese yanatoka Congo, yanavuka mto Lhubiriha ndani ya madumu, na mimi nayageuza kuwa miche ya sabuni ambayo sehemu kubwa inarudi kule kule Congo, Kasindi, kuuzwa. Kilo moja ya mawese inataka kostiki, ile soda kali ya sabuni, gramu 140 hivi. Ukizidisha, sabuni inababua mikono. Ukipunguza, inabaki na mafuta na baada ya muda inanuka. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe usitie maji kwenye kostiki, yatafoka yakuunguze uso. Ukishakoroga mpaka ikawa nzito kama uji wa mtoto, unamimina kwenye kisanduku cha mbao, kesho yake unakata kwa waya, halafu unaipanga miche kivulini, ikae wiki nne ikauke na kukomaa. Wiki hizo nne ndizo zinazoua mtaji. Mawese umeyalipia, kostiki umeilipia, kodi ya chumba inadaiwa, na pesa yako imelala juu ya rafu. Ukitaka kujua kwa nini mtu mwenye biashara inayotembea vizuri bado anatafuta fedha za nje, anzia kwenye rafu hiyo.

Mambo yalianza kuharibika mwaka 2019. Tarehe 11 Juni ilithibitishwa kwamba mtoto wa miaka 5, aliyevuka na jamaa zake kutoka Congo, alikuwa na Ebola. Alifia hapa hapa hospitali ya Bwera. Wizara ya Afya ikasimamisha mikusanyiko, siku za soko zikiwemo. Mpakani tukawa tunapimwa joto, tunanawa maji ya dawa, tunasalimiana kwa mbali. Tulipoanza kupumua, ikaja Machi 2020 na Korona. Mpaka ukafungwa kwa watu, yakaruhusiwa malori ya mizigo tu. Sisi tunaovusha dumu moja moja hatuna lori. Fikiria jambo hilo: redio asubuhi na jioni inawaambia watu wanawe mikono kwa sabuni, majirani wanagonga mlangoni kwangu kuitafuta, nami mafuta ya kuitengenezea yako ng'ambo ya mto ninaouona kwa macho.

Mwezi Mei mwaka huo huo mito ya Rwenzori ikafurika. Mjini Kasese mto Nyamwamba ulisomba nyumba na kuiharibu tena hospitali ya Kilembe, ambayo ilikwisha kuumizwa na mafuriko ya 2013. Huku kwetu Lhubiriha nao ulitoka kwenye kingo zake. Maji yalipoingia katika chumba nilichokodi, miche ya rafu za chini iliyeyuka yote. Sakafu nzima ilijaa povu la rangi ya chungwa. Nilisimama mlangoni na binti yangu, hakuna aliyesema neno.

Kulikuwa na deni tayari. Mkopeshaji wa binafsi alikuwa ameshika karatasi ya makubaliano ya kiwanja chetu, riba asilimia 20 kwa mwezi. Mume wangu, aliyekuwa akiendesha boda boda, naye alizuiwa kubeba abiria wakati wa karantini. Tulikula mihogo na majani ya kunde, na watoto walijifunza kutouliza chakula cha jioni.

Ndipo nilipoanza kutafuta msaada kwa bidii, na hapo nilikutana na aina zote za watu. Bwana mmoja alifika Bwera na kompyuta yake, akakaa hotelini, akatangaza kwamba anaandikisha vikundi vya wanawake kwa ruzuku kutoka Ulaya. Kila kikundi kilipe ada ya fomu kwanza. Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima ambaye amezika waume wawili na hatishiki na tai ya mtu, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mwanangu, tuandikie risiti yenye jina la ofisi na muhuri, tukaioneshe kwa afisa maendeleo ya jamii, halafu tutalipa." Yule bwana akasema muhuri ameuacha Kampala. Hatukulipa. Vikundi vingine vililipa, na hadi leo havijapata hata ujumbe wa simu. Wapo kina mama waliouza mbuzi kwa ajili ya ada ile, na kila nikiwakumbuka moyo unauma.

Mwishoni mwa 2021 tulisikia habari za mfuko wa kuinua biashara ndogo baada ya Korona, uliokuwa chini ya Benki Kuu ya Uganda na kutolewa kupitia mabenki. Ulitaka biashara yenye wafanyakazi kuanzia 5. Sisi wengi ni mama na binti yake. Sera ikiandikwa hivyo, mwanamke wa sokoni hayumo, hata kama tangazo linamtaja jina.

Kilichotutoa ni mpango wa serikali wa wanawake wajasiriamali, ambao watu huuita kwa kifupi UWEP. Nauelezea kirefu kwa sababu wengi wanausikia redioni bila kujua unavyokwenda. Unawataka wanawake 10 hadi 15 wenye umri wa miaka 18 hadi 65, waliosajiliwa kama kikundi kwenye gombolola au halmashauri ya mji. Hautaki hati ya ardhi wala dhamana. Kikundi kinaweza kuomba hadi shilingi milioni 12.5. Mkirudisha ndani ya miezi 12, hamlipi riba hata shilingi. Mkichelewa, inaanza riba ya asilimia 5 kwa mwaka. Fomu ni bure. Afisa maendeleo ya jamii ndiye anayewaongoza kuijaza, kisha inapanda wilayani Kasese kuchujwa.

Sisi tulikuwa 12, na tulikuwa na kitu ambacho hatukujua thamani yake. Kwa miaka mingi tulikuwa na sanduku la akiba, lile la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na daftari ambamo kila wiki katibu anaandika nani kaweka nini, nani kakopa, nani karudisha. Hata wakati wa Ebola tuliandika. Wiki ambazo hakuna aliyeweka, katibu aliandika sifuri mbele ya kila jina na tarehe yake. Afisa alipokuja kututembelea, alikaa kwenye benchi nyumbani kwa mwenyekiti akalifungua daftari lile, akapita ukurasa kwa ukurasa. Alipofika kwenye sifuri za mwaka 2020 alisimama, akauliza, "Hata hapa mlikutana?" Katibu akajibu, "Tulikutana watatu watatu, mzee, kwa sababu ya amri ya serikali. Lakini tulikutana." Akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Jambo la pili lililotusaidia lilikuwa karatasi za mpakani. Kuna utaratibu rahisi wa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, kwa mfanyabiashara mdogo: mzigo wako usipozidi thamani ya dola 2,000, unajaziwa hati fupi ya kuonyesha bidhaa imetengenezwa wapi, nawe unavuka barabara kuu mchana kweupe. Wengi wetu walikuwa wamezoea njia za panya, kwa hofu ya kunyang'anywa mzigo. Njia za panya zina hatari zake kwa mwanamke, ambazo sina haja ya kuzitaja. Mimi nilikuwa nimezitunza nakala zangu katika mfuko wa nailoni juu ya dari, kwa hiyo maji ya 2020 hayakuzifikia. Zilionyesha tarehe, idadi ya miche na bei. Fomu ya maombi ilipouliza mauzo yetu, hatukukisia. Tulijumlisha.

Mwaka 2022 pesa ziliingia kwenye akaunti ya kikundi, shilingi milioni 6 na ushee, pungufu ya tulizoomba. Kwa fedha hizo tulinunua mawese kwa mapipa wakati bei iko chini, tukakodi chumba kilichoinuka mbali na mto, tukatengeneza visanduku vipya. Kwa mara ya kwanza niliweza kuwa na sabuni inayokauka na sabuni inayouzwa kwa wakati mmoja. Deni likaisha, na karatasi ya kiwanja ilirudi nyumbani kabla ya Krismasi. Mume wangu aliishika mkononi muda mrefu, kisha akaomba tupige magoti.

Mwaka uliofuata, usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha. Zaidi ya watu 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi, baadhi wakiwa wamechomwa ndani ya bweni. Ni hapa hapa, watoto wa watu tunaosali nao na kuuziana nao. Siwezi kuzungumzia biashara ya mwaka ule bila kulisema hilo, wala siwezi kulisema zaidi. Soko lilizizima. Wiki zile hatukudaiana; tulichukua mfuko wa jamii wa kikundi, ule wa misiba, tukaupeleka wote kwa wafiwa. Marejesho ya mwisho ya UWEP tulikuwa tumeyamaliza muda mfupi kabla, ndani ya miezi 12, bila riba. Nashukuru ilikuwa hivyo, kwa sababu baada ya pale tusingeweza.

Siku hizi mtu akituletea habari ya fedha, mwenyekiti ana swali moja kabla ya yote: zinarudishwa au hazirudishwi? Linatusaidia kupanga. Fedha za Parish Development Model, mpango wa serikali wa kila muluka uliozinduliwa Kibuku Februari 2022, zinarudishwa: shilingi milioni moja kwa kaya, riba asilimia 6 kwa mwaka, kupitia sako, yaani ushirika wa akiba na mikopo, ya muluka wako. Nyingi ni za kilimo na mifugo, hivyo baadhi yetu walizitia kwenye kahawa milimani, si kwenye sabuni. Fedha za Emyooga, mpango mwingine wa serikali, nazo zinarudishwa, na lazima uwe ndani ya sako ya aina ya kazi yako katika jimbo lenu la uchaguzi. Mradi wa GROW, wa wanawake wajasiriamali, umetoka Benki ya Dunia ukiwa ruzuku ya dola milioni 217 kwa serikali ya Uganda, lakini ukifika dirisha la benki ni mkopo wa asilimia 10 kwa mwaka, kuanzia shilingi milioni 4. Hiyo ni nafuu sana ukilinganisha na mkopeshaji aliyeshika kiwanja changu, ila ni mkopo, na mama anayeingia akidhani ni zawadi atalia. Zisizorudishwa ni chache. Wakfu wa Tony Elumelu hutoa dola 5,000 kwa biashara changa za Afrika, na dirisha lake hufunguliwa Januari mosi kila mwaka. Wanaoomba ni wengi mno, maombi ni ya mtandaoni, na kijana wa nyumbani anayejua kuandika ni mali. Misaada ya Marekani, iliyokuwa ikilisha miradi mingi ya vikundi na ushirika, ilisimamishwa Januari 2025, na kuna watu waliokuwa wamejenga kila kitu juu yake.

Binti yangu sasa ndiye katibu. Tumesajili jina la biashara, tumepata namba ya mlipakodi, ambayo ni bure, usikubali mtu akutoze. Tunashughulikia alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, ili sabuni iingie kwenye maduka makubwa ya Kasese, na hapo ndipo tulipokwama kwa sasa, maana wanataka chumba cha kutengenezea chenye sakafu ya saruji, maji ya bomba na sehemu tofauti ya kuhifadhia kostiki. Makadirio ya fundi tunayo. Ombi la GROW kwa ajili ya chumba hicho tumeliandaa, na daftari la akiba limeambatanishwa nyuma, lenye sifuri zake zote. Anayetaka kuliona namna lilivyoandikwa, aje Mpondwe siku ya soko, upande wa sabuni na mafuta, atuulize.