Nyota, Reli na Daftari

Kuhamisha simu, ambako watumiaji wengi wa Tanzania hukuita kudaivati, ni utaratibu unaoufanya mtambo upokee simu iliyopigwa kwenda namba moja na kuipeleka kwenye namba nyingine, bila mpigaji kukata na kupiga upya, na mara nyingi bila yeye kujua kwamba amehamishwa. Tawasifu hii inahusu maisha ya kazi ya fundi aliyeutumikia utaratibu huo kwa miaka 31, kuanzia 1988 hadi 2019, kwanza katika simu za mezani zilizofungwa kwa nyaya za shaba, kisha katika namba pepe, yaani namba zisizo na waya wala kadi ya laini, ambazo makazi yake ni kompyuta ya mtoa huduma. Jambo analolitetea mwandishi ni dogo kulitamka na gumu kulitekeleza: kuweka uhamishaji ni kazi ya nusu dakika, lakini kila uhamishaji humwachia mtu mmoja wajibu wa kupokea, mwingine wajibu wa kulipa, na mwingine wajibu wa kukumbuka kuuondoa, na sehemu kubwa ya matatizo aliyoitwa kuyatatua ilitokana na mmoja wao kutojua kwamba amebebeshwa mzigo huo.

Alipoajiriwa kama fundi mwanagenzi katika Shirika la Posta na Simu Tanzania, ambalo liliundwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, namba ya simu ilikuwa jina la waya. Kila mteja alikuwa na jozi ya nyaya mbili za shaba zilizotoka kwenye simu yake, zikapita kwenye nguzo na kabati la mtaani, zikaingia kituoni na kuishia kwenye fremu kuu, ambayo ni uzio mrefu wa chuma wenye safu za viungio. Upande mmoja wa uzio huo hupokea nyaya za mitaani, upande wa pili nyaya za mtambo, na kati ya pande hizo mbili mafundi hupitisha waya mwembamba uitwao jampa, ambao ndio unaoamua nyumba ipi inaitwa kwa namba ipi. Umeme wa volti 48 kutoka kwenye betri za kituo ulitosha kuiendesha simu ya mteja, na ndiyo maana simu ya mezani iliendelea kuita hata mtaa mzima ukiwa gizani.

Mitambo aliyojifunzia kazi ilifuata msingi wa Almon Strowger, mwendesha shughuli za mazishi wa Kansas City nchini Marekani, aliyepata hataza ya uvumbuzi wake mwaka 1891. Katika mtambo wa aina hiyo, kila tarakimu iliyozungushwa kwenye kisahani cha simu ilitoka kama mfululizo wa midundo ya umeme, takriban 10 kwa sekunde, na kila mdundo ukausogeza mkono wa chuma hatua moja mpaka mikono yote ikafika kwenye jozi ya mteja. Mtambo huo haukuwa na kumbukumbu. Ulipeleka mkono pale midundo ilipouelekeza, basi. Kwa hiyo mteja aliyehamia jengo jingine lililohudumiwa na kituo kilekile, akataka namba yake imfuate, alihudumiwa kwa mikono: fundi alipanda ngazi ya fremu akiwa na karatasi ya kazi mdomoni, akahesabu viungio kwa ncha ya kidole, akaikata jampa ya zamani, akavuta mpya na kuilehemu, kisha akapiga simu ya majaribio kuhakikisha kwamba hakumwamsha jirani. Kwa simu za muda mfupi, kazi hiyo ilifanywa na opereta wa swichibodi ya ofisi, ambaye alijua kwamba mkubwa yupo kikaoni, kwamba mgeni wa aina fulani aunganishwe nyumbani, na kwamba mwingine aambiwe arudi kesho.

Mageuzi yalianza pale mtambo ulipopewa kumbukumbu. Mwaka 1965, katika mji wa Succasunna, New Jersey, kampuni ya Bell ilianza kutumia mtambo wa 1ESS, ulioongozwa na programu iliyohifadhiwa ndani yake, na miongoni mwa huduma ulizowaletea wateja ilikuwa kuhamisha simu wao wenyewe. Katika vituo alivyovihudumia mwandishi, uwezo huo ulifika miaka ya 1990 pamoja na mitambo ya kidijitali, na kwa fundi aliyezoea jampa badiliko lenyewe lilikuwa la kushangaza, kwa sababu namba iliacha kuwa jina la waya ikawa mstari katika jedwali, na mstari ukibadilishwa, namba huelekea kwingine bila mtu kupanda ngazi.

Mteja alihitaji kujua alama mbili tu zilizo pembeni mwa sifuri, nyota na reli. Reli ni jina ambalo Watanzania wameipa alama ya #, kwa kuwa inafanana na vyuma vya njia ya treni vilivyopitana na mataruma yake. Katika mitambo inayofuata desturi ya Ulaya, mteja huinua mkonga, husubiri mlio, hubonyeza *21*, kisha namba inayopelekewa simu, kisha reli; akitaka kuondoa hubonyeza #21#, na akitaka kukagua hubonyeza *#21#. Huko Marekani desturi ni nyingine, kwa maana *72 huweka na *73 huondoa. Simu ya kuzungusha haina nyota wala reli, na hata simu ya vibonyezo inaweza kushindwa endapo kiswichi kilicho chini au ubavuni mwake kimewekwa kwenye P, yaani midundo, badala ya T, yaani milio ya sauti ambayo mtambo huitambua kwa jozi za masafa. Malalamiko mengi ya mteja kwamba huduma haifanyi kazi yalimalizwa kwa ncha ya bisibisi iliyokisogeza kiswichi hicho milimita chache.

Ni lazima kutofautisha aina za uhamishaji, kwani kuchanganya aina ni chanzo cha lawama zisizo na msingi. Uhamishaji wa moja kwa moja hupeleka kila simu kwingine bila kifaa cha kwanza kuita. Uhamishaji wa masharti husubiri jambo litokee kwanza: laini iwe inatumika, ambapo msimbo katika simu za mkononi ni 67, simu isipokelewe, ambapo msimbo ni 61, au simu isipatikane kabisa kwa kuzimwa au kukosa mtandao, ambapo msimbo ni 62. Kwa sharti la kutopokelewa, mteja wa simu ya mkononi anaweza kuchagua muda wa kusubiri kuanzia sekunde 5 hadi 30, kwa hatua za sekunde tano tano. Mwandishi aliwashauri wenye ofisi wachague 20, kwa sababu katibu muhtasi aliyekwenda kuchukua faili kabati la pili hurudi mezani ndani ya muda huo, na pia mpigaji hajachoka kusubiri.

Mkasa uliomfunza zaidi ulitokea katika ofisi moja ya umma ambayo haina haja ya kutajwa. Wananchi walilalamika kwa wiki kadhaa kwamba wakipiga namba ya ofisi hiyo hupokelewa na mzee anayewaambia kwa upole kwamba yeye ni mstaafu na kwamba wamekosea namba, nao wakipiga tena humpata yuleyule. Fundi alipofika aliinua mkonga wa simu iliyokuwa mezani, akausikia mlio ukikatikakatika kwa sekunde mbili hivi kabla ya kunyooka, na hapo hakuhitaji kufungua begi la vifaa, kwa kuwa mlio wa kukatikakatika ndiyo njia ya mtambo ya kumkumbusha mwenye simu kwamba simu zake zinakwenda kwingine. Mzee huyo alikuwa karani wa ofisi hiyo. Aliweka uhamishaji kwenda simu yake ya mkononi siku alipokwenda likizo ya mwisho, likizo ikaungana na kustaafu, na aliyerithi meza aliusikia mlio huo kila siku akadhani ni ubovu wa laini. Ofisi nayo iliendelea kulipia, maana uhamishaji huzaa simu mbili: ya kwanza hulipwa na mpigaji hadi kwenye namba aliyoipiga, ya pili hulipwa na mwenye namba hiyo hadi simu inakoishia. Tangu siku hiyo mwandishi alianza kuweka daftari lenye safu nne, yaani namba inayohamishwa, inakokwenda, aliyeomba, na tarehe ya kuondoa.

Sheria ya mwaka 1993 ililigawa shirika la zamani, na simu zikawa chini ya Kampuni ya Simu Tanzania, TTCL. Baada ya hapo simu za mkononi ziliwafikia watu ambao waya haukuwahi kuwafikia. Mwaka 2005 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilianzisha mfumo mpya wa leseni usiofungwa na teknolojia moja, na mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa. Kabla ya mkongo huo, sauti iliyopita kwenye setilaiti iliyo umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya dunia ilichelewa kiasi cha kuwafanya wanaozungumza wakanyagane maneno. Baada yake, kuzungumza kwa intaneti kukawa jambo la kawaida, na mwandishi akaacha nyaya na kuanza kuzihudumia kampuni ndogo zilizotaka namba pepe.

Mfano wa namba hizo ni kampuni ya utalii ya Arusha inayokodi namba ya New York ili mteja wa huko apige kwa gharama ya simu ya kwao. Simu hufika kwenye seva ya mtoa huduma, seva hutumia SIP, ambayo ni lugha ya mitambo ya intaneti ya kuanzisha na kukata mazungumzo, kisha huipeleka mahali palipoagizwa katika mpango wa simu, yaani orodha ya masharti inayosomwa kutoka juu kwenda chini: saa za kazi ziite simu tatu za ofisini kwa pamoja, zisipopokelewa kwa sekunde 20, iende kwa meneja, nje ya saa za kazi, mpigaji aachwe arekodi ujumbe. Simu za mezani hazikuwahi kumpa fundi uhuru wa namna hiyo, wala nafasi kubwa kama hiyo ya kukosea.

Kosa moja la mwandishi mwenyewe linastahili kuelezwa kwa ukamilifu. Mwenye kampuni ya aina hiyo alimwambia kwa simu kwamba ofisi hufunguliwa saa mbili na kufungwa saa kumi na moja, naye akamwachia kazi hiyo kijana wa mafunzo, ambaye alijaza katika programu 02:00 hadi 11:00 kama alivyoambiwa. Saa mbili ya Mswahili ni 08:00 ya programu, na saa kumi na moja yake ya jioni ni 17:00, kwa kuwa Mswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza ilhali programu huanza usiku wa manane. Matokeo yake ni kwamba kuanzia saa tano asubuhi wapigaji wote walijibiwa na kinasa ujumbe wakati wafanyakazi wamekaa mezani, na usiku wakazi wa New York waliotoka kazini wakapiga saa moja jioni ya kwao, ambayo katika majira ya kiangazi cha huko ni saa nane usiku Arusha, simu za ofisi tupu zikaita bila kupokelewa, na meneja akaamshwa. Kijana alifuata maneno kama yalivyosemwa, aliyepaswa kuuliza "saa mbili ipi?" ni aliyepokea agizo. Safu ya tano iliongezwa kwenye daftari, ya saa zilizoandikwa kwa namna zote mbili.

Namba pepe ina udhaifu wake na nguvu yake. Kifaa cha ofisini hufa umeme unapokatika, tofauti na simu ya mezani ya zamani, lakini seva iliyo mbali haizimiki, hivyo ikiona kifaa hakijibu huweza kuipeleka simu kwenye laini ya mkononi, na katika miezi ya mgao wa umeme sharti hilo moja liliokoa biashara nyingi. Hata hivyo, simu ya mkononi iliyozimwa inaweza kuwa na kinasa ujumbe chake, ambacho hupokea kabla seva haijamjaribu mtu wa pili, na seva hudhani binadamu amejibu. Tiba yake ni kumtaka anayepokea abonyeze 1 kwanza, jambo ambalo mashine haiwezi kulifanya.

Katika miaka ya mwisho ya kazi, misimbo ileile iligeuzwa silaha ya matapeli, ambao humpigia mtu wakijidai watoa huduma, wakamwomba abonyeze *21* na namba fulani, kisha simu zake zote, pamoja na zile zinazosoma namba za siri za benki, zikaenda kwao. Mwandishi aliwafundisha wateja wake kukagua kwa *#21# na kufuta uhamishaji wote kwa ##002#, na kwamba msimbo unaoletwa na mgeni usibonyezwe kabla ya kujulikana unaipeleka wapi simu.

Alipostaafu mwaka 2019, wateja wa zamani waliendelea kuipiga namba yake ya ofisini, na aliyemrithi aliomba simu hizo ziendelee kumfikia mzee nyumbani kwa muda. Mwandishi aliuliza muda huo ni siku ngapi, akajibiwa 30. Uhamishaji huo ndio uliojaza mstari wa mwisho wa daftari, safu zote tano, na siku ya thelathini alikwenda ofisini kwa daladala, akabonyeza #21#, akainua mkonga kwa mara nyingine na kuusikia mlio umenyooka, ndipo akamkabidhi mrithi wake daftari.