Kitabu cha Wanyonya Damu

Muhula uliopita wengi wenu mliniona nikishika kitabu cha picha chenye jalada la kutisha, mkanicheka. Kiranja wa bweni letu alisema ni aibu mtu wa kidato cha sita, mwenye miaka 19, kusoma vitabu vya watoto ilhali mtihani unakaribia. Leo nataka kuwaeleza kilikuwa kitabu gani, na kwa nini nilikisoma mara tatu.

Kitabu hicho huitwa Redneck. Hilo ni jina la dharau ambalo Wamarekani huwaita wazungu wa mashambani, yaani watu waliochomwa shingo na jua. Kilianza kutolewa mwaka 2017 na kampuni ya Image Comics, toleo baada ya toleo, na baadaye matoleo 6 ya mwanzo yakafungwa pamoja yakawa kitabu cha kwanza. Aliyekitunga ni Donny Cates, mwenyeji wa Texas, na aliyechora picha ni Lisandro Estherren, mtu wa Argentina. Hadithi inatokea Sulphur Springs, mji mdogo ulioko kweli kaskazini mashariki ya Texas, katika nchi iliyojulikana tangu zamani kwa ng'ombe wa maziwa.

Katika mji huo wakaa jamaa ya kina Bowman. Hao ni wanyonya damu, lakini si kama wale wa sinema wavaao majoho meusi na kukaa katika majumba ya kifalme. Hawa ni watu wa shamba. Wana biashara ya nyama ya kuchoma, na kwa miaka mingi wameacha kuwadhuru watu. Hunywa damu ya ng'ombe tu. Jua ndilo adui yao, kwa hiyo picha nyingi ni za usiku. Asimuliaye ni mzee wao mmoja, jina lake Bartlett.

Niliposoma habari ya damu ya ng'ombe nilicheka peke yangu kitandani. Mwandishi ameiweka ili tujue kwamba hawa si watu wa kawaida. Lakini mimi ni mtu wa Karamoja. Babu yangu alinilea kwa damu na maziwa. Ng'ombe hufungwa shingo, hupigwa mshale mfupi kwenye mshipa, damu hukingwa katika kibuyu, kisha jeraha huzibwa na ng'ombe hurudi malishoni. Basi nikawaona kina Bowman kuwa kama majirani, nikaanza kuwapenda.

Nao wana adui zao, jamaa ya kina Landry. Ugomvi wa nyumba hizo mbili ni wa zamani sana. Siku moja vijana wa kina Bowman wanatoka usiku kwenda mjini kunywa pombe. Bartlett anawafuata ili awalinde. Asubuhi yake anaamka, na hakumbuki lolote la usiku ule. Na kijana mmoja wao, aitwaye Slap, amekufa. Hapo amani yote inakwisha.

Sasa niwaambie kitabu kilikuwa cha nani. Kilikuwa cha mwenzetu mmoja wa darasa langu, ambaye alipelekewa na mjomba wake aliyeko Marekani. Sitamtaja jina. Yeye na mimi tumesoma pamoja miaka mitano, na kwa miaka minne hatukusalimiana. Watu wa kwao na watu wa kwetu huchukuliana ng'ombe tangu enzi za mababu, zamani kwa mikuki, baadaye kwa bunduki. Kaka yangu mkubwa aliuawa nilipokuwa na miaka 15. Mama aliniambia kwamba watu wa upande wa pili wa mto walimwua akichunga. Hayo tu ndiyo niliyoyajua, nami niliona yanatosha.

Kitabu nilikikuta kimeachwa juu ya dawati, nikakichukua bila ruhusa. Nilipokimaliza nilitaka cha pili, wala hapakuwa na mtu mwingine wa kumwomba. Nilizunguka siku tatu. Siku ya nne nilimwendea penye bomba la maji nikamrudishia chake, nikasema, "Nisamehe, nilikichukua. Je, unacho kingine?"

Akaniuliza, "Unadhani nani alimwua yule kijana?"

Nikasema, "Kina Landry, nani tena?"

"Umewaona wakimwua?"

Nilifungua toleo la kwanza mbele yake nikatafuta ukurasa kwa ukurasa. Picha ya kuuawa kwake haimo. Bartlett hakumbuki, kwa hiyo na msomaji haonyeshwi. Mimi mwenyewe ndiye niliyejaza pengo lile, wala sikujua kwamba ninajaza.

Tukanyamaza kidogo. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba baba yake mdogo alipigwa risasi mlangoni mwa zizi lao, usiku, walipokuja watu kuchukua ng'ombe. Akataja mwaka na mwezi. Ulikuwa mwaka ule ule na mwezi ule ule.

Sikumjibu neno. Usiku ule sikulala. Nilikumbuka kwamba kaka yangu aliletwa nyumbani alfajiri, damu yake ikiwa bado mbichi. Nimekaa na kumbukumbu hiyo miaka minne, nami ni mtoto wa wafugaji, tena najua vizuri kwamba ng'ombe hawachungwi usiku.

Wenzangu, sisemi kwamba nimejua yaliyotokea. Huenda ni usiku mmoja, huenda ni siku mbili mbalimbali. Wala simlaumu mama, alimpenda mwanawe. Lakini kila likizo vijana wa rika langu huniuliza nitamaliza shule lini, ili deni lilipwe. Zamani niliwajibu, "Karibu." Likizo iliyopita niliwajibu kwamba sijui ni deni la nani. Walikasirika, na mmoja aliniita mwoga mbele ya wasichana.

Kitabu hiki hakifundishi amani. Kina Bowman na kina Landry wanazidi kuuana, na damu ndani yake ni nyingi kuliko inavyohitajika. Hata hivyo kilinionyesha jambo moja: kwamba watu waliojizuia miaka mingi wanaweza kuharibiwa na usiku mmoja ambao hakuna aliyeuliza habari zake vizuri.

Nikirudi nyumbani mwisho wa mwaka nitamwuliza mama, kwa heshima, tukiwa wawili tu. Ninaogopa jibu lake. Ninaogopa pia vijana wa rika langu. Kwa hiyo nawaomba ninyi wanafunzi wa zamani, mliotoka nchi kama yetu na mkarudi huko baada ya masomo: mliwajibu nini wenzenu walipowaambia mchukue bunduki? Tuandikieni katika gazeti hili. Wengi wetu tutasoma, hata wale wanaojifanya kucheka.

Na kitabu cha pili tunakisoma pamoja, mimi na mwenye nacho. Yeye husoma upesi kuliko mimi, lakini hunisubiri kabla ya kufunua ukurasa.