Chuma Hakipiti Langoni

Kabla hatujang'oa nanga, mdogo wangu alinipa sharti moja: "Dada, usiguse tanga mpaka nikwambie." Yeye yuko Muscat, mimi niko Tanga, binamu yetu yuko Mombasa. Chombo tulichokuwa tukikipakia kilikuwa ndani ya kompyuta ya mdogo wangu.

Gemu lenyewe ni Valheim. Limetengenezwa na Iron Gate, kampuni ya mji wa Skövde huko Sweden, iliyokuwa na watu watano tu ilipolitoa tarehe 2 Februari 2021. Baada ya mwezi mmoja hivi lilikuwa limeshanunuliwa mara milioni 5. Mimi sikulifuata kwa sifa hizo. Nililichukua kwa kuwa lilikuwa gigabaiti 1 tu hivi, na bando langu liliweza. Wanaweza kuingia watu hadi 10 katika dunia moja, ila msipokodi seva, dunia hiyo inakaa kwenye kompyuta ya mmoja wenu. Yetu ilikaa kwa mdogo wangu. Akizima, imezimwa kwa wote.

Nilipoliona mara ya kwanza nilicheka. Nyuso za pembepembe, majani kama karatasi iliyokatwa na mtoto wa chekechea. Nikamuuliza mdogo wangu, hiki ndicho kinachokukosesha usingizi? Kisha nikakata mti, ukaniangukia, nikafa. Nikarudi, nikajenga kibanda, nikawasha moto ndani, nikafunga mlango nijikinge na usiku. Moshi ukajaa mpaka ukaanza kuniua. Mimi, niliyelelewa kwenye jiko la kuni! Nikakumbuka ule uwazi uliokuwa kati ya ukuta na paa katika jiko la bibi. Nikatoboa paa, nikaweka vibao viwili kwa juu kama kofia ili mvua isizime moto, moshi ukatoka. Hakuna maandishi yoyote yaliyonifundisha hilo. Tangu dakika ile sikuzicheka tena zile pembepembe.

Lakini nilitaka kusimulia safari.

Katika Valheim mtu anaweza kujenga lango la uchawi, akajenga jingine mbali, akawa anapita kati ya hayo mawili kwa kufumba na kufumbua. Nyama, mbao, ngozi, vyote vinapita. Madini hayapiti. Ukiwa na kipande kimoja cha shaba au chuma mfukoni, lango linakukatalia. Tangu mwaka 2023 unaweza kuiondoa kanuni hiyo unapoandaa dunia yako, na binamu alitushauri tuiondoe. Mdogo wangu akagoma. Nilimwona mkaidi wakati ule.

Basi chuma chetu kilikuwa kisiwa cha pili, kwenye kinamasi ambako mvua haikatiki na ruba wanakusubiri majini, ndani ya makaburi ya mawe yaliyozama nusu. Tulianza saa nne usiku, Alhamisi, kwa kuwa Ijumaa Oman ni mapumziko. Kwangu ilikuwa siku ya kazi, ila nani alinituma? Kufika saa saba tulikuwa na vipande 90 vya chuma chakavu. Kila kimoja kina uzito wa 10, na mtu akipita 300 hawezi tena kukimbia, anajikokota kama punda wa chokaa. Mara tatu nilitoka kaburini hadi pwani hivyo, nikizama matopeni, binamu akinitangulia na shoka. Ukishabeba mzigo namna ile hutasahau ulikotoka.

Chombo chenyewe kilikuwa kidogo, cha nafasi nne za shehena. Tukazijaza tatu, ya nne tukaweka chakula. Tukatweka tanga, na upepo ukatupiga usoni.

Hapo ndipo nilipokaa wima kwenye kiti. Chombo cha gemu hili hakiendi kinyume cha upepo. Una njia mbili tu: upige makasia polepole mpaka uchoke na roho yako, au upinde kushoto, upinde kulia, ukiuibia upepo kidogo kidogo. "Tunabisha," mdogo wangu akasema, kwa sauti ya mtu anayewaza jambo jingine. Neno hilo sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu alipoondoka Tanga. Pale Raskazone tulikuwa tukizitazama mashua zikibisha kuingia ghubani, na yeye hakuwahi kushika usukani wa chochote kinachoelea. Sasa anamwambia binamu akae omo aangalie miamba, na mimi nikae tezi, nisiguse kitu. Binamu akaitika, "Haya, nahodha," wala hakuwa anatania.

Tukiwa katikati ya bahari, usiku wa gemu umeingia, umeme wa mtaani kwetu ukakatika. Laptopu ilikuwa na betri, ila ruta ikazimika. Simu yetu ya pamoja ikakatika, na mimi nikatupwa nje ya dunia. Nikawasha intaneti ya simu, nikapapasa gizani nikatafuta miwani, nikaingia tena.

Gemu lilinirudisha palepale nilipokuwa. Chombo hakikuwapo. Kilikuwa kimeshakwenda zake.

Kwa hiyo nilikuwa ndani ya maji meusi, bila ardhi upande wowote, na ule mstari wa pumzi unaopungua kila unapoogelea. Najua ni picha. Mkono ulitoka jasho hata hivyo. Nikaacha kusogea ili pumzi isiishe, nikapiga simu, wakapokea wote kwa pamoja. "Uko wapi?" Swali la kipuuzi, niko Tanga, sebuleni, gizani. Nikajibu, "Niko nyuma yenu, mashariki, siwaoni." Mdogo wangu akashusha tanga, akageuza.

Walikuja kwa makasia. Nilisikia milio ya mbao kabla sijakiona chombo, halafu nikaona mwenge wa binamu, nukta ya njano inayopanda na kushuka na mawimbi. Katika gemu jingine ningekufa, nikazaliwa upya nyumbani, ikawa imeisha. Hapa ningekufa vitu vyangu vyote vingebaki vinaelea pale ndani ya kaburi langu, na wao wangelazimika kuamua kama wanavifuata au wanaokoa chuma. Hawakuuliza. Huko kurudi kuliwagharimu upepo waliokuwa wameuibia kwa nusu saa.

Nilipopanda tu, nyoka wa bahari akainua kichwa ubavuni, mkubwa kuliko chombo. Aligonga mbao mara tatu au nne. Binamu alirusha mishale, na nadhani mingi iliishia majini. Kilichotuokoa ni upepo: ulikuwa umegeuka tukiwa tunahangaika naye. "Dada, sasa! Tweka!" Nikatweka. Tanga likajaa, omo ikainuka, yule nyoka akabaki nyuma akitazama tu. Sote watatu tulikuwa tunapiga kelele. Jirani aligonga ukuta.

Gatini nilihesabu shehena mara mbili. Vipande 90. Tukavipandisha hadi kwenye tanuri, kila kimoja kikitaka makaa mawili na nusu dakika ya kusubiri. Mdogo wangu alikuwa akipiga hesabu za misumari ya chombo kikubwa zaidi, chenye nafasi 18. Inatakiwa misumari 100, na kipande kimoja kikishayeyushwa kinatoa 10, kwa hiyo tumekwenda kuchukua mara tisa ya tulichohitaji. Binamu akamwambia hilo ndilo alilopaswa kulisema saa tano usiku.

Saa tisa na kitu nikasikia adhana kwenye hedifoni, ya Muscat, saa moja mbele yetu. "Naenda kuswali," akasema, na kabla sijamwambia asubiri, dunia ikafungwa. Nilikuwa bado nina vipande 12 mkononi.