Pambo Halina Umri

Sisi akina mama wa Garissa tuliovuka miaka hamsini tunayo haja isiyozungumzwa sana. Tukiingia dukani kutafuta nguo ya sikukuu au ya harusi, twakuta mafungu mawili. Upande mmoja zimetundikwa nguo za wasichana, zenye kubana kiuno na kumetameta kifuani. Upande wa pili zimetundikwa abaya nyeusi za polista, pana kama magunia, na muuzaji hutushushia moja kabla hatujauliza: "Hii ndiyo ya mama." Maana yake twaifahamu: kwamba wakati wetu wa kupendeza umekwisha.

Jambo hili si dogo. Tunawajua akina mama walioacha kuhudhuria harusi za jamaa zao, si kwa ugonjwa wala kwa ugomvi, bali kwa kukosa vazi wanaloliona lawastahiki. Huyu hutuma zawadi na kusingizia miguu; yule hujificha jikoni siku ya harusi ya binti wa nduguye. Hivyo udugu, ambao tumeamrishwa kuuunga, hulegea kwa sababu ya kitambaa.

Mzigo huu hatukutwikwa na dini. Katika Surat Al-A'raf, aya ya 26, Mwenyezi Mungu awakumbusha wanadamu neema ya vazi la kusitiri na la pambo, kisha alitaja vazi la uchamungu kuwa ndilo bora. Hapana umri uliotajwa hapo. Na katika Surat An-Nur, aya ya 60, wanawake wazee wasiotarajia ndoa wameruhusiwa kupunguza nguo zao za nje bila kudhihirisha mapambo, na kujihifadhi ni bora kwao. Sheria imemwepesishia mama mzee. Sisi kwa sisi ndio tunaomzidishia uzito.

Mtazameni mjane. Miezi minne na siku kumi za eda yake huacha mapambo, na kwa desturi ya Wasomali huvaa nyeupe. Eda hiyo ina mwisho wake uliowekwa na Mola. Lakini akitoka na shela yenye rangi, husikia minong'ono: "Anajipambia nani?" Basi hurudi katika nguo zilizofifia, akaongeza juu ya eda ya sheria eda nyingine isiyo na mwisho. Wenye kunong'ona ni wanawake wenzake, na kuyaacha maneno hayo kumo mikononi mwetu.

Tukija kwenye nguo yenyewe, eneo letu lina urithi mkubwa. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alisimulia habari za nguo zilizofumwa huko na kupelekwa hadi Misri. Bibi zetu walifunga guntiino, kipande kimoja cha nguo kilichofundikwa begani na kuzungushwa kiunoni. Mwenye kuivaa akinenepa au akikonda, nguo iliufuata mwili wake. Hatusemi turudie guntiino, kwani huacha bega wazi. Twasema tukumbuke kwamba nguo ndiyo imfuatayo mtu. Nguo za dukani zimegeuza kanuni hiyo, zikamtaka mama aliyezaa watoto saba aufuate mwili wa msichana wa miaka ishirini.

Kwa hiyo, badala ya kuanza na nguo iliyokwisha shonwa, tuanze na kitambaa, kisha twende kwa fundi cherehani. Katika Suq Mugdi vitambaa havikosekani. Joto la Garissa hupita nyuzi 35 mara nyingi, na polista hushika jasho. Pamba nyepesi hupumua. Dirac, ndugu yake dera la Pwani, yatufaa sana, maana hukatwa pana na kuteremka bila kubana tumbo. Kwa kuwa kitambaa chake huonya, ivaliwe juu ya gorgorad na kanzu ya ndani ya pamba isiyoangaza, na garbasaar ifunike kichwa na kifua.

Fundi na atupime upya, asitegemee vipimo vya miaka kumi iliyopita. Mshono wa bega ukae juu ya bega lenyewe, kwani hapo ndipo vazi pana hupata umbo bila kubana. Mwenye maumivu ya bega awekewe vifungo mbele. Mikono ifike kifundoni, ila ipandike kwa urahisi wakati wa udhu. Pindo lisiburure chini, tusije tukajikwaa ngazini. Rangi nazo si nyeusi na kahawia pekee: zambarau iliyokoza, kijani cha majani ya mwembe, na buluu ya jioni huupa uso nuru na haiba ya mtu mzima.

Nanyi mabinti na waume, mnapomnunulia mama nguo ya Idi, msimchagulie kwa kukisia umri wake. Muulizeni apenda rangi gani. Huenda miaka mingi imepita hajaulizwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuvishe vazi la uchamungu, atusitiri hapa duniani na kesho Akhera, na atujaalie kuzeeka kwa heshima na kwa uzuri. Amin.