Motokaa ya Amana

Waswahili hulitumia neno amana kwa kitu kilichowekwa mikononi mwa mtu ili akitunze mpaka mwenyewe atakapokirudia. Walimu wenzetu watatuwia radhi tukilitumia hapa kwa kitu ambacho wazee wa pwani hawakukifikiria: motokaa ndogo ya Kijapani ya mbio, yenye viti viwili na boneti ndefu, aina ya Datsun 240Z, iliyokaa katika ghala la marehemu baba yetu mjini Jinja tangu mwaka 1972.

Mwenyewe alikuwa kijana wa Kihindi, jirani yetu, mwenye duka la dawa. Mwezi wa Agosti mwaka ule Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda katika muda wa siku 90. Kijana huyo, mkewe na binti yao mdogo walikwenda Uingereza na masanduku machache tu, na funguo akamkabidhi baba. Baba akayafungua magurudumu na kuyaficha chini ya magunia ya mahindi, akaipandisha motokaa juu ya matofali. Askari waliopita wakitafuta magari hawakuona faida ya gari lisilo na miguu. Mwenyewe hakurudi, alifariki Leicester. Mwaka juzi binti yake alituandikia kwamba angependa kuja kuiona.

Hapo ndipo hoja ilipozuka nyumbani. Kaka yetu alitaka ndani pote patolewe, pawekwe vitu vipya, kisha motokaa iuzwe, kwani huko Ulaya na Marekani magari haya sasa hununuliwa kwa bei kubwa. Sisi tuliona kwamba binti huyo haji kutazama motokaa mpya. Lakini kuiacha ilivyokuwa nako hakukuwezekana: panya walikuwa wamezaliana humo vizazi kwa vizazi.

Wasomaji vijana huenda wasijue sifa za gari hili. Lilitokea Japani mwaka 1969, likiwa na injini ya silinda sita. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwalo mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Na mwaka 1973, miezi michache tu baada ya Waasia kufukuzwa, ushindi ulikwenda kwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye akiendesha 240Z. Baba alikuwa akilisimulia jambo hilo kwa sauti ya chini.

Fundi tuliyempata ni mshonaji wa viti vya magari huko Katwe, Kampala, Mganda anayesema Kiswahili cha gereji, chepesi na chenye nguvu. Alipofungua mlango aliguna.

“Mwalimu, reksini hii imekufa. Tuitupe, nikuwekee nyekundu mpya, ing'ae kama kochi la waziri.”

“Fundi, mwenye mali hajasema itupwe.”

Tukajaribu kumweleza kazi kwa neno moja, likatushinda. Kukarabati ni kutengeneza kilichoharibika. Kufanya upya kwaweza kukifuta cha kale chote. Kuhuisha ni kukirudishia uhai kilichozimia. Alitusikiliza kwa subira mpaka mwisho, kisha akasema, “Kumbe wataka niponye, nisizae.” Tangu siku ile hatujapata tafsiri bora.

Kiti cha dereva kilikuwa kimefumuka mishono tu, ila sponji ya ndani ilivunjikavunjika vidoleni kama unga wa muhogo. Fundi alizikata pete za waya zilizoshika gamba la kiti kwa chini, moja baada ya moja, akalivua lote zima. Tulilisafisha kwa maji ya vuguvugu, sabuni laini na brashi ya nywele. Petroli aliikataza kabisa, maana huyanyonya mafuta yanayoifanya reksini iwe nyororo, ikabaki kavu na kupasuka. Sponji mpya ilichongwa kwa kufuata umbo la ile ya kale. Gamba likaanikwa juani lilegee, na watu wawili wakalivuta mpaka likaenea. Mishono aliirudia kwa mkono, akipitisha sindano katika matundu yaleyale ya kiwandani, asije akaitoboa reksini kuukuu mara ya pili. Kazi hiyo pekee ilichukua siku tatu, nasi tulikaa ubavuni pake kama wanafunzi.

Kiti cha abiria hakikuponyeka. Sehemu yake ya katikati ilikuwa na nakshi iliyofumwa kama mkeka, na reksini ya namna hiyo hatukuipata Kampala nzima. Ikabidi iwekwe nyeusi isiyo na nakshi. Kusema kweli haitupendezi. Gamba la zamani tulilitia guniani.

Dashibodi ilikuwa na nyufa tatu, maradhi ya kawaida ya motokaa hizi, kwani jua hukausha ngozi ya juu na sponji iliyo chini yake husinyaa. Ziko kofia za plastiki za kuvika juu. Tulizikataa, kwa sababu kufunika kidonda si kukitibu. Fundi alizipanua nyufa kidogo kwa kisu, akazijaza dawa inayonyumbuka, akapiga msasa na kupaka rangi. Ukitazama kwa upande, makovu yaonekana. Sakafuni tulikwangua kutu na lami iliyopasuka, tukapaka rangi kabla ya kutandika zulia. Saa ya katikati haiendi. Wenye motokaa hizi duniani kote huilalamikia saa hiyo, nasi tukaiacha.

Binti alifika mwezi wa Januari, mama wa makamo sasa. Aligusa usukani, lakini hakukikalia kiti cha dereva. Alizunguka upande wa pili, akatazama kile kiti kipya kwa muda, akauliza la zamani liko wapi. Tulipolileta gunia, akalikunjua gamba lile lililotafunwa, akatuambia kwamba alikuwa akipakatwa na mama yake hapo, na kwamba alipata kulitapikia njiani kwenda Kampala, baba yake akasimamisha gari msitu wa Mabira alisafishe kwa shati lake. Fundi, aliyekuja kutazama kazi yake ikipokelewa, alilikunja upya na kulifunga kwa kamba ili liingie katika sanduku la safari.

Kaka yetu alimwuliza kuhusu kuuza. Alisema atatujibu akishafika kwao. Mpaka tunaandika haya barua haijaja, na motokaa imo ghalani, safari hii ikiwa na magurudumu yake.