Imejizima Tena

Mara ya kwanza nilidhani ni kidole changu. Nilikuwa nimeandika maneno kama 900 ya makala ya mteja, makala kuhusu magodoro kwa wasomaji wa nchi ambayo sijawahi kukanyaga, ghafla skrini ikawa nyeusi. Hakuna onyo, hakuna ujumbe. Baada ya sekunde chache nembo ikarudi pale katikati, kifaa kikaanza upya kama mtu aliyeamka asubuhi bila deni. Nilikuwa nimehifadhi maneno 300 pekee.

Mara ya pili ilikuwa kesho yake. Ya tatu, saa mbili baadaye. Kufikia Ijumaa nilikuwa nimeacha kuhesabu.

Acha niseme ni kifaa gani. Steam Deck ni kompyuta ndogo ya kuchezea gemu, unaishika kwa mikono miwili, skrini yake ni inchi 7. Kampuni ya Valve ilianza kuiuza Februari 2022, na ndani imewekwa SteamOS, mfumo wa Linux uliojengwa juu ya Arch. Huku kwetu hufika kwenye begi la mtu aliyetoka majuu, kisha huzunguka mkono kwa mkono. Yangu niliinunua Eldoret kwa elfu 35, bei tamu kiasi kwamba sikuuliza maswali. Laptop nilikuwa nimeiuza mwaka ule nilipoacha chuo, na kuandika kwa simu kulikuwa kunaniua vidole. Hii ukiichomekea kibodi na kuingia upande wa desktop, ni kompyuta kamili.

Shida ni kwamba si yangu peke yangu. Ndugu yangu mdogo amemaliza Form Four na anangoja matokeo nyumbani, hapa Burnt Forest, na kijana anayengoja matokeo ana kazi moja tu duniani: mpira. Gemu aliyoitaka, EA Sports FC 25, ina programu ya kuzuia udanganyifu ambayo haikubali Linux. Kwa hivyo nikamwekea Windows kwenye kadi ya memori. Ukiwasha, unachagua: Linux yangu ndani ya kifaa, au Windows yake kwenye kadi. Mchana wangu, usiku wake. Tukaelewana hivyo, mpaka mambo yakaanza kuzimika.

"Ni hiyo Windows yako," nilimwambia.

"Windows yangu iko kwa kadi, bro. Ni Linux yako."

Nilianza na joto, maana ndilo kila mtu husema kwanza. Lakini huu ni mji ambao watu huvaa jaketi Januari. Tuko juu ya mlima kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, viazi na kabeji vinamea bila shida, ukungu unakaa mpaka saa tatu asubuhi. Nilipima joto la chipu mara kadhaa, lilikuwa sawa. Nikashuku chaja. Kifaa hiki huja na chaja ya wati 45, nami nilikuwa natumia ya simu, na stima ya kwetu hupepesuka kama mlevi mvua ikianza. Nikaazima chaja nzuri, ikajizima. Nikachomoa kabisa nikatumia betri, ikajizima bado.

Basi nikaenda kwenye kumbukumbu za mfumo. Linux huandika kila kitu inachofanya, kama karani mwoga. Ukiandika journalctl -b -1, inakuonyesha yaliyotokea kabla ya kuwaka mara ya mwisho. Mfumo ukiamua wenyewe kujizima, huaga: unafunga hiki, unasimamisha kile, mstari baada ya mstari. Mimi nilikuta mistari ya kawaida tu, kisha kimya. Hakuna kosa, hakuna kuaga. Kama mtu aliyekatizwa katikati ya sentensi.

Nikaona hilo ni ushahidi kwamba Linux yangu haina hatia. Nikamgeukia dogo. Nikamuuliza, usiku uliopita ilijizima ukicheza? Akasema ndiyo, mara moja, saa nne na kitu usiku. Nikafungua Windows, nikaingia kwenye orodha ya matukio, nikapata: Kernel-Power, namba 41, maana yake kompyuta iliwaka tena bila kuzimwa vizuri. Saa iliyoandikwa ilikuwa 19:10. Saa moja usiku.

Saa moja usiku tulikuwa mezani, sote watatu, tunakula. Kifaa kilikuwa kimezimwa, kiko kitandani kwangu.

Nilimwita mwongo. Nilisema maneno mengine pia, kuhusu watu wasiolipa chochote kwenye hii nyumba na bado wanaharibu vya wengine. Nilisema kwamba hicho kifaa ndicho unga, ndicho stima, na yeye anakifanya uwanja wa mpira. Hakunijibu. Alitoka nje akaenda kusimama kwa ng'ombe.

Mama alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Hii nyumba mnayopigia kelele ni ya pili," alisema. "Ya kwanza iliishia kwa neno hilo hilo. Ni wao. Ni wale."

Jina la mji wetu ni la zamani kuliko mioto ninayoijua mimi, lakini limetukalia vizuri mno. Palichomeka 1992. Palichomeka tena Januari 2008, baada ya uchaguzi. Nilikuwa na miaka sita, na ninachokumbuka ni kulala nje kwenye uwanja wa kanisa na harufu ya moshi kwenye blanketi. Mama haongei habari hizo. Siku ile alisema sentensi hizo tu, kisha akarudi kwa maharagwe yake.

Usiku sikulala. Nilikaa na kifaa nikaangalia ile 19:10 mpaka ikaanza kunikera kwa sababu nyingine. Saa nne na dakika kumi usiku ni 22:10. Ukitoa 19:10, unabaki na saa tatu kamili. Na saa tatu ndiyo tofauti kati ya Kenya na saa ya dunia, UTC.

Ndani ya kompyuta kuna saa ndogo inayoendelea hata ukiizima. Linux huiwekea saa ya UTC, kisha inajiongezea yenyewe saa tatu ikikuonyesha. Windows inapoikuta saa hiyo hiyo inaamini ndiyo saa ya hapa, haiongezi kitu. Ikiunganishwa na intaneti hujirekebisha, lakini dogo hucheza bila bundles. Kwa hivyo ilipojizima saa nne usiku, Windows iliandika saa moja. Kila mfumo ulikuwa unasema ukweli wake kuhusu saa moja ile ile. Dogo alisema kweli. Sisi Waswahili tunaohesabu saa kuanzia alfajiri tulipaswa kuwa wa kwanza kujua kwamba watu wawili wanaweza kutaja saa mbili tofauti na wote wakawa sawa.

Na kama alisema kweli, basi ilikuwa inajizima pande zote mbili. Hapo ndipo nilipaswa kuanzia wiki nzima kabla. Linux na Windows hazikai mahali pamoja, haziwaki kwa wakati mmoja, hazitumii faili moja. Kitu kinachoziangusha zote mbili hakiwezi kuwa kwenye mojawapo. Kiko chini yao.

Nikatoa kadi, nikaacha Linux peke yake. Ikajizima. Kadi haikuwa na kosa. Nikazima kifaa, nikashika kitufe cha kuongeza sauti pamoja na cha kuwasha, nikaingia kwenye BIOS, ile programu ya msingi inayoamka kabla ya mfumo wowote. Nilipita ukurasa kwa ukurasa. Nikakuta sehemu ya volti. Mahali pote pa kurekebisha palikuwa na hasi 50.

Aliyekuwa nacho kabla yangu alikuwa ameipunguzia chipu umeme, milivolti 50 chini ya kawaida. Watu hufanya hivyo ili betri idumu na joto lipungue, na chipu nyingine huvumilia bila shida. Nyingine haivumilii. Huonekana nzima kabisa, inafungua programu, inacheza gemu, mpaka kazi ibadilike ghafla, ihitaji nguvu kidogo zaidi ambayo haipo. Hapo inaanguka, na haina hata muda wa kuandika kwa nini. Mpangilio huo haumo kwenye Linux wala Windows, kwa hivyo ungefuta zote mbili na kuzipanga upya mara kumi, bado ungeukuta pale.

Nikarudisha sifuri. Nikaiacha ikifanya kazi nzito usiku kucha. Asubuhi ilikuwa bado inawaka.

Nilimpata dogo akikamua. Nilimwambia kuhusu saa, nikamwambia kuhusu volti, nikamwambia samahani. Alikamua kwa muda bila kusema kitu.

"Kwa hivyo ilikuwa inanyimwa chakula," akasema.

"Unaweza kusema hivyo."

"Na wewe, chuo uliacha kwa nini?"

Swali hilo nimelijibu mara nyingi. Wajomba nimewaambia kozi haikunifaa. Mabeshte nimewaambia degree siku hizi ni karatasi. Mama nilimwambia nitarudi. Kwa dogo mwenyewe niliwahi kulaumu mhadhiri mmoja. Kila jibu lina ukweli kidogo. Lakini pale kwa ng'ombe nilimwambia ambacho sikuwa nimemwambia mtu: kwamba mwaka wa tatu nilikuwa nakula mara moja kwa siku ili hela ya karo itoshe, na haikutosha, na nilikuwa nasinzia darasani, nikafeli mitihani miwili, kisha siku moja sikuenda. Sikuaga mtu. Nilidhani nikijibana kiasi nitadumu zaidi.

Aliuliza ni chakula cha pesa ngapi kwa siku. Nikamtajia. Akaniuliza kama chumba ni lazima kiwe ndani ya chuo. Tukapiga hesabu pale pale, ndoo ikijaa, hesabu ambayo mimi sikuwa na wa kunipigia, kwa sababu matokeo yake yatatoka na huenda akaitwa.

Leo ni siku ya 19 na kifaa hakijajizima. Mchana wangu, usiku wake. Saa zinalingana pande zote mbili. Lakini nimebaki na tabia moja: nikimaliza aya, nahifadhi.